Mahame Si Pori

Iko siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka hucheka kwanza, kisha hugeuka kuangalia kama kuna mtu aliyeniona nikicheka. Ndiyo siku niliyomkana bibi yangu mzaa mama mbele ya mzungu, dereva wa katapila na vijana saba wenye mapanga. Nilikuwa na miaka kama ishirini, na kichwani nilikuwa nimevaa kofia ngumu ya manjano. Wahenga walisema kichwa cha kuku hakistahimili kilemba. Hawakupata kuniona, lakini walinijua.

Ngoja nianzie nyuma kidogo, maana nikiruka mwanzo utaniona mjinga kuliko nilivyokuwa, na ujinga niliokuwa nao unatosha.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa. Sisi watu wa bonde la Nakilonji, huku nyuma ya Kilwa Kivinje unapoanza kupanda kwenda Umatumbini, tulikuwa tumehamishwa na kupangwa kando ya barabara, nyumba kwa mstari, kama watoto wa shule wanaosubiri kukaguliwa kucha. Kule bondeni tuliacha mikorosho, minazi michache, kisima na makaburi. Mahali palipohamwa namna hiyo ndipo tunapopaita mahame. Nyumba ya miti na udongo ikishaanguka, nyasi huota mpaka kiunoni, na mgeni akipita haoni kitu. Lakini mwenyewe akipita anaona baraza, anaona jiko, anaona na mahali alipochapwa kwa kumwaga uji.

Mimi sikutaka kuonekana mtu wa mahame. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, na gazeti likifika kijijini, hata likiwa la wiki tatu nyuma, mimi ndiye niliyelisoma kwa sauti mbele ya duka la ushirika. Na nilikuwa na ndoto, mwanangu! Watu wengine huota wakilala. Mimi nilikuwa naota nikipalilia. Siku zile zilikuwa zimetufikia habari kwamba kule kisiwani Songo Songo wamechimba chini kabisa wakakuta hewa inayowaka. Nikaisoma habari ile mkutanoni kama ninayeitoa mwenyewe.

"Hewa gani inawaka?" akauliza Mzee Mkwanda, mwenyekiti wetu wa kijiji, mtu asiyependa kudanganywa.

"Ya maharage," akajibu mtu wa nyuma, na mkutano ukaharibika kwa muda.

Nikasimama kuuokoa. Nikawaeleza, kwa uhakika wa mtu asiyejua, kwamba bomba litatoka baharini, litapita kwetu, na kila nyumba itapewa bomba lake dogo jikoni. Mama akitaka kupika, anafungua hili, moto unawaka. Akitaka kujaza koroboi, anafungua lile, mafuta ya taa yanachuruzika. Hakuna tena kwenda kuni, hakuna tena kupanga foleni na chupa mkononi.

"Na lisipofungwa vizuri?" akauliza tena Mzee Mkwanda. "Kuku wangu watakunywa mafuta?"

"Watafundishwa," nikasema.

Mpaka leo sijui nilimaanisha nini. Lakini watu walipiga makofi, na mimi makofi nilikuwa siyawezi. Nikipigiwa mara moja nilikuwa tayari kuahidi hata reli.

Wiki chache baadaye watu wa kupima wakaja kweli. Walikuja na magari mawili, katapila moja, mahema, na vigingi vilivyopakwa rangi nyekundu kichwani. Mkubwa wao alikuwa mhandisi wa kizungu, mwembamba, ameiva kwa jua, mwenye Kiswahili cha maneno mawili: "haraka" na "asante". Maneno mengine yote aliyasema msimamizi wake, Bwana Ngonyani, mnene, mpole, mwenye kitambaa cha jasho begani. Alitaka kijana anayejua kusoma na anayezijua njia za huko nyuma. Kijiji kizima kikanisukuma mbele. Nadhani walitaka kupumzika.

Nikapewa kofia. Nikapewa na mabuti pia. La kulia lilinibana, la kushoto lilinipwaya, nikawa natembea kama bata, lakini bata mwenye cheo. Kazi yangu ilikuwa kwenda mbele ya kamba ya kupimia pamoja na Bwana Ngonyani. Kila baada ya hatua kadhaa anasimama, anafungua karatasi zake na kuniuliza, "Hapa pana nini?" Akiandika "pori", kigingi kinapigwa na kesho yake katapila linapita kusafisha njia ya bomba. Akiandika "shamba la mtu" au "makaburi", basi kazi inasimama, aitwe mwenyewe, aitwe mwenyekiti, yajazwe makaratasi, na pengine mstari ukunjwe upite kwingine.

Ukunjwe. Neno hilo ndilo lililonitia hofu. Mstari ulikuwa unapita karibu kabisa na kijiji chetu, na moyoni mwangu taa zilikuwa zimeshawaka. Nikisema hapa ni kwa fulani, mstari ukakunjwa ukaenda kwa watu wengine, si bomba langu la jikoni limekwenda? Halafu, na hili ndilo la kweli zaidi, niliona haya. Mzee Mkwanda alikuwa ametuambia mkutanoni kwamba mahame ni mambo ya nyuma, na mtu wa maendeleo haangalii nyuma. Mimi nilikuwa mtu wa maendeleo. Nilikuwa na kofia.

Siku ya tatu kamba ikaingia Nakilonji kwetu.

Usicheke bado. Nilikuwa nimesimama chini ya mkorosho uliopandwa na babu yangu, natafuna bibo lililoanguka kutoka mkorosho huohuo, maji yake yananichuruzika mpaka kwenye kiwiko.

"Hapa pana nini?" akauliza Bwana Ngonyani.

"Pori tu, bwana."

Akainua macho. "Pori gani hili, mikorosho imesimama mistari kama askari wa gwaride?"

"Inaota yenyewe. Mikorosho ya huku ina adabu."

Akaandika. Tukasogea. "Na hiki kisima?"

"Nguruwe, bwana. Wanachimba sana."

"Wakakijengea na mawe?"

"Wa huku wana bidii."

Nyuma yangu vijana wa mapanga wakakohoa. Wanne kati yao walikuwa wa kijiji chetu, na walijua kama nijuavyo mimi. Lakini walikuwa wanafurahia kazi na biskuti za kopo, kwa hiyo wakakohoa tu. Tukasogea tena, tukafika penye makaburi. Kwetu mtu akifa, sahani au bakuli aliyoizoea huwekwa juu ya kaburi lake. Bwana Ngonyani akainama, akaitazama sahani moja yenye maua ya bluu, imepasuka ukingoni.

"Na vyombo hivi?"

Hapo hata mimi nilisita. Lakini uongo ni mtoto wa kudeka, ukimbeba mara moja hataki kushuka. "Nyani," nikasema. "Wezi wakubwa. Wanaiba vyombo kijijini wanakuja kulia chakula huku."

Bwana Ngonyani akanitazama kama mtu anavyotazama sufuria inayovuja. "Kijana," akasema taratibu, "mimi si wa hapa. Mimi naandika anachosema mwenyeji. Mwenyeji ni wewe. Niandike pori?"

"Andika, bwana."

Akaandika. Kigingi chekundu kikapigwa hatua nne kutoka miguuni pa babu yangu. Wazee husema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, maana dole hupona. Mimi siku ile nilijikwaa vyote viwili; nilipogeuka kuondoka, lile buti la kupwaya likanasa kwenye mzizi, nikaanguka kifudifudi. Nikadhani ni bahati mbaya.

Jioni, jua likiwa halijazama, nilimkuta bibi yangu, Bi Somoe, kakaa uani anapeta mpunga. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mwenye sauti ya chini ambayo watu wazima waliinyamazia. Kila Alhamisi alikuwa anakwenda Nakilonji kwa miguu kufagia makaburi, na hakuna mwenyekiti aliyethubutu kumwambia habari za kuangalia nyuma. Mimi alikuwa akiniita mume wangu, kama bibi wa kwetu wanavyowatania wajukuu.

"Mume wangu," akasema, "leo mmepima wapi?"

Nami, badala ya kunyamaza, nikaona nimpe raha. Nikamsimulia habari ya mikorosho yenye adabu. Akatabasamu. Nikamsimulia habari ya nguruwe wenye bidii. Akacheka, kifua kikamtikisika. Nikaona nimefika, nikamalizia na nyani.

Ungo ukasimama.

"Nyani," akasema.

"Nyani, bibi."

"Ile sahani ya maua ya bluu niliyomnunulia babu yako Kivinje, mwaka tuliooana."

Kuku wakaja wakaanza kudonoa mpunga, naye hakuwafukuza.

"Basi mimi nina mambo magumu," akasema. "Mume wangu mmoja amelala kule, na mume wangu mwingine anasema kule hapana mtu. Nimsadiki yupi?"

"Bibi, haya ni maendeleo. Wewe mwenyewe utafungua bomba jikoni, utapumzika kuni."

"Bomba silikatai. Mgongo huu ndio unaobeba kuni, si wako. Lakini kiangazi kilichopita, visima vya hapa barabarani vilipokauka, kijiji kizima kilikunywa maji gani?"

"Ya Nakilonji."

"Ya nguruwe," akanisahihisha. "Sasa likishafukiwa hilo shimo la nguruwe, kiangazi kijacho tutakunywa hewa ya maharage?" Akainua ungo wake. "Kesho nichukue nami nikalione hilo pori. Umri wote huu sijapata kuliona."

Mwanangu, nilifanya kama kijana yeyote jasiri angefanya. Asubuhi nilitoka mapema kuliko siku zote, nikinyata kama mwizi wa kuku, ili nisimchukue.

Tulipofika Nakilonji na katapila likinguruma nyuma yetu, dereva akakanyaga breki ghafla. Katikati ya mstari, baina ya kigingi na kigingi, ulikuwa umetandikwa mkeka. Juu ya mkeka alikuwa amelala Bi Somoe, chali, kajifunika kanga mpaka kidevuni, mikono kaikusanya kifuani. Pembeni yake palikuwa na mafiga matatu, moto, na birika la kahawa. Alikuwa ametutangulia. Njia ya mkato ya kwenda kwake anaijua yeye.

"Haraka!" akasema mhandisi. "Haraka, haraka!"

Hakuna aliyeharakisha. Bwana Ngonyani akanigeukia. "Kijana, wewe ndiye mwenyeji. Huyu mama ni nani?"

Na mimi, na kofia yangu, na mabuti yangu, nikajibu, "Simjui, bwana."

"Ni kweli, hanijui," akasema Bi Somoe, macho kayafumba vilevile. "Mimi ni nyani. Nimekuja kulinda vyombo vyangu."

Vijana wa mapanga sasa hawakukohoa. Walicheka mpaka mmoja akakaa chini.

"Na huyo mwenye kofia ni mume wangu," akaongeza. "Ila tumegombana."

"Kijana!" Bwana Ngonyani akashangaa. "Una mke, na hukutuambia?"

Nilitamani wale nguruwe wenye bidii wanichimbie shimo nami. Bwana Ngonyani akachuchumaa kando ya mkeka, akavua kofia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nani wewe mwenye adabu hivyo, unafanya kazi na mtu kama huyu?"

"Naitwa Ngonyani, bibi. Kwetu Songea."

Bi Somoe akafumbua jicho moja. "Mngoni?"

"Mngoni hasa."

"Mimi Mmatumbi."

"Mama yangu wee!" akasema Bwana Ngonyani, na akashika kichwa.

Hapa nisimame kidogo, maana nyinyi wa siku hizi utani mnaujua wa mpira tu. Sisi na Wangoni ni watani tangu zama zile babu zao walipokuja na ngao kutufukuza, na babu zetu wakakimbia vizuri sana. Vita vikaisha, ukabaki utani. Mtani humkasirikii. Mtani humshiki kwa nguvu wala humburuzi. Na msibani, kaburi likishachimbwa, mtani akishuka akalala ndani, basi shughuli yote inasimama. Shehe anasubiri, maiti anasubiri, mpaka mtani apewe anachokitaka. Hiyo ndiyo sheria, na haikuandikwa popote, ndiyo maana haifutiki.

"Umekwisha," Bi Somoe akamwambia. "Babu zako walipokuja tulikimbia. Leo magoti yananiuma, nimelala. Haya, lipitisheni hilo dude juu ya mtani wenu."

Bwana Ngonyani alikuwa anapigana na kicheko. "Nyinyi Wamatumbi wavivu toka asili. Mtu asubuhi yote hii kalala!"

"Na nyinyi mlikuja kuiba ng'ombe, mkakuta huku hakuna ng'ombe, mkaiba wanawake. Bibi yako huenda ni dada yangu. Ndiyo maana wewe una adabu na babu yako hakuwa nayo."

Basi Bwana Ngonyani akafanya jambo ambalo sijaliona tena maishani. Akatandaza kitambaa chake cha jasho ardhini, akajinyosha kando ya mkeka, tumbo juu. "Na mimi nimelala, mtani. Atakayeamka kwanza ndiye aliyeshindwa."

Dereva akazima katapila, akatoa muhogo wake uliochemshwa, akaanza kula. Mhandisi akamtazama msimamizi wake kalala na bibi kizee. Akamtazama dereva. Kisha akanitazama mimi, mtu pekee aliyebaki wima na kofia.

"Haraka?" akaniuliza, safari hii kwa upole, kama anayeomba.

Jua likapanda. Bi Somoe hakutikisika. Lakini kumbuka, yule alikuwa nyumbani kwake, alijua pa kutandika mkeka. Bwana Ngonyani alilala chini ya tawi la mkorosho lenye kiota cha majimoto, wale chungu wekundu wanaouma kama makaa. Kwanza alijikuna shingo. Halafu akajikuna pengine. Halafu akaruka juu kama aliyeitwa na serikali, akicheza ngoma ambayo hata Songea hawaijui.

"Umeshindwa!" akasema Bi Somoe, akaketi, akajimiminia kahawa. "Pori halina mwenyewe, lakini majimoto wana kwao."

"Nimeshindwa, mtani," akasema Bwana Ngonyani akijipukuta. "Sema unataka nini."

"Nataka ile kofia. Na nataka kinywa cha aliyeivaa." Hapo sauti yake ikabadilika, utani ukawa umekwisha. "Huyu atembee na wewe toka mkorosho wa kwanza mpaka kaburi la mwisho, akuambie anachokijua. Akimaliza, kama bado ni pori, mimi nitakunja mkeka wangu. Pitisheni."

Akanipa yote mikononi, unaona? Babu, kisima, maji ya kijiji, mimi ndiye niliyeachiwa. Na siwezi kukuficha, hata pale bado niliziona zile taa zangu, zinawaka jikoni kwa kila mtu.

Nikaanza kwa sauti ya mbu. "Mkorosho huu alipanda babu yangu, Mzee Athumani. Na huu. Mstari wote huu." Bwana Ngonyani akaandika. "Hapa palikuwa na jiko. Hapa ndipo nilipoangukia kinu nikavunjika jino." Sauti ikaanza kunirudia yenyewe. "Kisima walichimba wanaume wa ukoo, mawe walibeba wanawake, na lile kubwa alilibeba shangazi yangu akiwa na mimba, akakataa kusaidiwa." Nikashangaa jinsi nilivyokuwa najua. Kijana mmoja wa panga akasogea, akasema, "Na pale penye mnazi uliopinda ni kwetu." Mwingine akasema, "Na sisi tulikuwa kule, nyuma ya kichuguu." Wote wanne wakaanza kuonyesha kwa mapanga, wakikatizana, kila mmoja anataka kwake kuandikwe kwanza, mpaka karatasi za Bwana Ngonyani zikamshinda.

Tukafika makaburini. Nikatoa salamu, nikawataja mmoja mmoja: babu, mjomba, bibi mkubwa. Mwisho kabisa palikuwa na kaburi fupi, halizidi urefu wa mkono, na juu yake kikombe kidogo cha kahawa kimelazwa kifudifudi. Nililiona tangu utotoni, lakini sikuwahi kuuliza.

"Hili silijui," nikasema.

Bi Somoe alikuwa ametufuata polepole. "Huyo ndiye Mfaume," akasema.

"Mfaume si mimi, bibi?"

"Wewe ni wa pili. Huyo alikutangulia, akakaa siku arobaini. Mama yako alipokupata wewe akasema jina lisipotee. Kikombe tulimwekea tu, ili naye awe na chombo. Hakuwahi kunywea kitu."

Mwanangu, nikavua kofia bila kuambiwa. Bi Somoe akaipokea kofia ile mikononi mwangu, akaigeuza, akaitazama ndani, akasema itafaa kuwekea maji ya kuku.

Bwana Ngonyani akafungua karatasi za jana, akakata kila penye "pori", kisha akamweleza mhandisi kwa Kiingereza, kwa muda mrefu, akionyesha huku na huku. Mhandisi alisikiliza akinywa kahawa ya Bi Somoe. Mwishowe akaenda akasimama mbele ya kaburi fupi, akavua kofia yake naye, akasema, "Asante." Halikuwa neno la mahali pale, lakini hakuwa na lingine, na hakuna aliyemcheka. Kisha akageuka, akanyoosha kidole kuelekea bonde la pili lenye matete.

Bwana Ngonyani akafungua karatasi mpya. "Kijana, na kule pana nini?"

Wote wakanitazama. Bi Somoe alinitazama, vijana walinitazama, naona hata katapila lilinitazama. Kule mimi nilikuwa naona matete tu.

"Sijui, bwana," nikasema. "Ngojeni nikaulize."

Nikavua yale mabuti, nikakimbia pekupeku mpaka kijijini, kwa Mzee Mkwanda, mwenyekiti, yule asiyeangalia nyuma. Sikumaliza hata kusema neno matete. "Kule?" akapiga kelele, akitafuta kandambili ya pili asiione. "Kule kuna mama yangu!" Akatoka mbio na kandambili moja. Nilikuwa kijana, na sikumpata njiani.

Basi ndivyo tulivyokwenda, kwa kuuliza. Kazi ya siku chache ikawa ya wiki tatu, mstari ukapindapinda kama nyoka aliyekula chura, mpaka ukapita kwenye mteremko wa mawe ambao hata wazee watano walioitwa waliapa kwamba ni wa ngiri tangu dunia iumbwe. Bwana Ngonyani hakunifukuza. Alinigeuza kuwa mwulizaji wake, kichwa wazi juani. Mhandisi alijifunza neno la tatu, "ngoja". Halafu mpango wenyewe ukalala miaka mingi, wale watu wakaenda zao, na mabomba ya jikoni niliyowaahidi mama zangu hayakuja. Nilitaniwa kwa hilo mpaka nikaota mvi. Lakini kiangazi kilichofuata kilikuwa kikali, na kijiji kizima kilikwenda Nakilonji na ndoo. Nilipanga foleni kisimani kwetu wenyewe, na kila mtu aliyechota alinigeukia akasema, "Tuwashukuru nguruwe."

Sasa sikia ninalotaka kukuambia. Siku hizi gesi imetoka kweli, bomba linapita, na vijana wetu wanaitwa kushika kamba na vyombo vinavyolia pii. Ukiitwa, nenda. Sikukatazi kazi, wala sikuambii uichukie taa. Mimi taa bado naipenda, na ninyi mna haki ya kuota kama nilivyoota. Lakini usiwe wewe wa kusema hapana mtu. Mgeni huandika analosikia kwa mwenyeji, na uongo wa mwenyeji unafukia kisima kabla katapila halijawashwa. Kikulacho ki nguoni mwako.

Ukiona nyasi, uliza nani alihamishwa hapo, na alihamishwa lini, na kiangazi anachota wapi. Usiwaulize wakubwa peke yao. Waulize wanaofagia. Ukisikia jina, liandike hata kama litachelewesha watu, maana bomba linakunjika, kaburi halikunjiki. Ardhi ya watu haiwi pori kwa sababu watu wameambiwa wasogee. Na kama umeshasema uongo, kwani wewe ni kijana na utasema, basi urudi ukaukanushe palepale ulipousemea, mbele ya walewale waliousikia. Utaona haya, lakini haya haiui. Kuuliza si ujinga, mwanangu. Ujinga ni kujibu.

Nenda, basi. Mola akufanyie kinywa kizito pa kusema "hapana mwenyewe", na kinywa chepesi pa kupiga hodi hata mahali pasipo mlango. Akuwashie taa jikoni, akuachie na maji kisimani, usilazimike kuchagua kimoja. Na siku utakapoketi kuwasimulia wanao ujinga wako, maana huo nao utakuwa nao, akujaalie uwe wa kuchekesha.